Kusafiri na mwenza mwenye kisukari cha sindano: yaliyonikuta Dar hadi Sengerema

#1 MumeWaTicha

Wakuu habari za muda huu. Uzi ni mrefu, mwenye haraka apite tu.

Mke wangu ana kisukari aina ya kwanza, kile cha kuchoma insulini kila siku ya Mungu, tangu akiwa na miaka 11. Si kile ambacho watu wakikisikia wanauliza "kwani alikuwa anakunywa soda sana?" Kongosho lake halitoi insulini, basi. Nilimwoa nikijua. Nilichokuwa sikijui ni kusafiri naye. Nyumbani kila kitu kina saa yake: anachoma, anakunywa chai, saa saba anakula shuleni, jioni anachoma tena. Mimi nilijiona nimemaliza kazi nikishanunua sindano.

Desemba 2023, miezi mitano baada ya harusi, tukaenda kwetu Sengerema akakae na wakwe kwa mara ya kwanza. Basi la saa 12 asubuhi kutoka Mbezi. Alichoma saa 11 alfajiri, akala andazi moja na chai nusu kikombe kwa sababu bajaji ilikuwa inapiga honi nje. Ndani ya basi tukabishana kidogo nani akae dirishani, nikakaa mimi. Hilo la dirisha mliweke akilini.

Kabla ya Chalinze lori limelala barabarani. Tulikaa pale saa tatu. Dereva alipopata upenyo akaamua kufidia muda: Morogoro hakuna kula, tutakula Dodoma. Abiria wakanung'unika kidogo, wakanyamaza. Mke wangu naye akanyamaza.

Insulini yake ni ile ya mchanganyiko, ya maziwa maziwa, mara mbili kwa siku. Dozi ya asubuhi ndani yake kuna sehemu inayosubiri chakula cha mchana. Ukishaichoma imeshaingia, haina habari ya lori.

Tunakaribia Gairo akawa mkali. Nikamuuliza utakunywa maji? "Niache." Nikajua ni dirisha. Nikanuna na mimi. Wakuu, nilinuna kama dakika ishirini hivi, nimegeukia nje nahesabu vichuguu, mke wangu anaondoka pembeni yangu. Aliyeniokoa ni mama mmoja kiti cha nyuma, akanigusa bega: "Baba, mwenzio anatoka jasho na kiyoyozi kinapuliza. Ana sukari huyo?" Kugeuka, blauzi imelowa chapachapa, ananitazama lakini hanioni. Kipimo kilikuwa kwenye pochi yake. Sukari 2.3, na chini ya 4 tayari ni hatari.

Soda tulikuwa nazo mbili, na pakiti ya glukosi. Kwenye begi kubwa. Kwenye buti.

Yule mama akampokonya mjukuu wake boksi la juisi, mtoto akaangua kilio basi zima likageuka. Bahati alikuwa bado anameza. Baada ya robo saa 3.4, tukatafuta soda ya abiria mwingine, ikapanda. Dodoma alishuka mwenyewe kwa miguu, kichwa kinamgonga, anauliza Gairo tumeshapita?

Usiku tukalala gesti Mwanza. Chumba hakina friji, nikampa dada wa mapokezi kifuko, nikamwambia "kuna dawa humo, weka pabaridi." Akaweka pabaridi kweli. Kwenye friza. Asubuhi vichupa vimekuwa mawe. Tukaviacha viyeyuke, tukaendelea kuchoma, na kwa siku mbili sukari ikacheza kwenye 19, 22, tukidhani ni uchovu wa safari na ugali wa nyumbani.

Halafu ukweni. Mama akasema chakula tayari, karibuni mnawe. Mke wangu akaponyoka kwenda chumbani akachoma kwa siri (kwa vichupa vipya sasa, vya duka la dawa pale mjini, vinavyofanya kazi barabara). Kumbe kwetu "chakula tayari" maana yake ugali utasongwa samaki akifika, na samaki yuko mwaloni. Tulisubiri kwa muda wa saa moja na dakika kumi. Wifi yake akamkuta jikoni analamba sukari kwenye kopo. Hadi jioni mtaa mzima unajua bibi harusi wa watu wa Dar analamba sukari.

Nimekaa nikatafakari, naona chanzo ni kimoja: tulikuwa tunaficha. Kondakta hakuambiwa. Wa mapokezi aliambiwa nusu. Mama yangu hakuambiwa kabisa. Mimi nasema mkisafiri mwambieni kila mtu. Mwenyewe hakubaliani nami na mwaka huu tunasafiri tena. Wenye uzoefu mnafanyaje?

#2 Jiwe la Pembeni

Mkuu si ungeoa mzima tu.

#3 Kondakta Mstaafu

> Mkuu si ungeoa mzima tu.

Mzima wa leo ndiye mgonjwa wa kesho kijana. Mama yako alishakwambia umezaliwa na dhamana ya miaka mingapi?

Mtoa mada, nimekaa mlangoni mwa basi miaka 14, nikupe ya kwetu. Mwambie kondakta kabla gari halijatoka stendi, siyo likiwa linatembea. Gari likishaondoka kila abiria ana shida yake na wewe ni wa thelathini. Ukiniambia mapema pale mlangoni "kiti cha saba kuna mgonjwa wa sukari, nikinyoosha mkono simamisha", hilo nalishika hadi Mwanza. Dereva tunagombana naye siku zote kwa ajili ya abiria wa kuchimba dawa (kujisaidia njiani), sembuse wa kuchoma dawa.

Pili, buti la basi mchana wa Dodoma ni oveni. Hata kama sukari isingeshuka, insulini iliyokaa humo siku nzima usiiamini. Kule juu kwenye keria za ndani nako joto linapanda, na mizigo inahama: unashuka Singida kwa dakika kumi, ukirudi kifuko chako kimekaliwa na gunia la vitunguu la mtu. Ikae miguuni au mapajani.

#4 TibaAsilia Og

Kaka achana na sindano za wazungu zinamfunga mkeo kama mtumwa. Kuna unga wa mlonge na mbegu fulani, siku 21 anaachana na insulini kabisa. Njoo pm.

#5 Nesi wa Zamu

Ndugu wa #4, mlonge ni mboga nzuri, kula. Lakini mwenye aina ya kwanza ukimwachisha insulini, ndani ya siku chache mwili unaanza kuunguza mafuta badala ya sukari, damu inajaa asidi, anatapika, anahema kwa nguvu, pumzi inanuka kama matunda yaliyoiva sana. Tunawapokea hao. Wengine wametoka kwenu moja kwa moja na chupa ya dawa mkononi. Siku 21 wengi hawazifikishi.

Nirudi kwa mtoa mada. Nafanya kliniki ya sukari, na kabla ya Krismasi na Idi maswali ni haya haya.

Ile ya friza. Insulini ikishaganda imekufa, hata ikiyeyuka ikaonekana nzuri. Ambayo haijafunguliwa inakaa nyuzi 2 hadi 8, yaani rafu ya kati ya friji, mbali na ukuta wa nyuma na mbali na friza. Iliyofunguliwa nyingi zinavumilia karibu wiki nne nje ya friji mradi joto lisizidi nyuzi 25 au 30, soma karatasi iliyomo kwenye boksi. Kwa hiyo kwa safari ya siku mbili hakuna haja ya kumbembeleza mtu wa mapokezi. Na msiiegemeze kwenye barafu moja kwa moja, izungushieni kitaulo. Huko kijijini chungu kinatosha: chungu kidogo ndani ya kikubwa, mchanga katikati, mchanga unaloweshwa maji, juu kitambaa kibichi, kivulini penye upepo. Bibi zetu walipozea maji hivyo hivyo.

Hiyo ya mchanganyiko inaviringishwa taratibu kati ya viganja kabla ya kuvuta, haitikiswi kama dawa ya kikohozi. Ukiona chengachenga zinaelea au zimeganda ukutani mwa kichupa hata baada ya kuviringisha, tupa. Nina hakika vile vya Mwanza vilikuwa na chengachenga, hamkuangalia.

Kushuka: chini ya 4 usingoje kujadiliana. Nusu chupa ya soda ya kawaida ya mililita 300, au vijiko vitatu vya chai vya sukari kwenye maji, au glukosi. Ngoja dakika 15, pima tena, ikiwa bado iko chini rudia. Ikishapanda ale kitu cha kukaa tumboni, mkate au ndizi ya kuchemsha. Soda isiyo na sukari haisaidii kitu, na chokoleti inachelewa kwa sababu ya mafuta yake. Kama hamezi au amezimia, MSIMMIMINIE soda mdomoni, itakwenda kwenye mapafu. Mlaze ubavu, kimbiza kituo cha afya chochote kilicho karibu, watamwekea sukari kwenye mshipa. Wenye sindano ya glukagoni (homoni ya kupandisha sukari) wajifunze kuitumia kabla ya safari, siyo kusoma maelekezo mgonjwa ameshalala sakafuni.

Na ule ukali wa Gairo nawaambia wanaume wote humu: sukari ikishuka ubongo unakosa chakula. Wengine wanakuwa wakali, wengine wanacheka ovyo, wengine wanaonekana wamelewa. Mwenza wako akibadilika ghafla mkiwa safarini, pima kwanza. Kununa kutafuata kama kipimo kitasoma 6.

#6 Jiwe la Pembeni

"Kununa kutafuata" 😂😂 Nesi umeniua. Mtoa mada nisamehe kwa #2, nilikuwa nazingua.

#7 Binti Likoni

Mie ni wa Mombasa, bwanangu ndiye mwenye sukari hii, mwaka wa tisa sasa. Pole kwa yaliyowafika.

Kwetu tatizo la kwanza lilikuwa sindano zenyewe. Siku moja twaingia dukani, askari wa mlangoni kafungua mkoba kaona mabomba ya sindano, kamtazama bwanangu alivyo mwembamba, kamuuliza "wewe ni teja?" Mbele za watu. Na Mombasa twajua neno hilo lina uzito gani. Tangu siku ile barua ya daktari twatembea nayo kama kitambulisho, na dawa hazitoki kwenye boksi lake lenye jina. Pale Miritini kituo cha treni mizigo yapangwa mstari mbwa wapite wakinusa, mie hutangulia kumwambia afisa nina insulini. Hajawahi kutusumbua hata mmoja. Watu hushuku unapohangaika kuficha.

Jambo jengine, chombo cha baharini. Yeye hutapika bahari ikichafuka. Ukishachoma, ukala, kisha ukatapika kile chakula, insulini imebaki mwilini peke yake. Tulikwenda Unguja kupitia Dar, yakamfika katikati ya mkondo, na tukiangalia Dar hatuioni na Unguja hatuioni. Siku hizi humeza dawa ya kichefuchefu nusu saa kabla, na daktari wake ndiye aliyetupangia dozi ya siku ya kupanda chombo. Msijipunguzie wenyewe kwa kukisia.

Samaki wa mwaloni kanichekesha mpaka machozi. Sheria ya nyumbani kwangu: hachomi mpaka sahani iko mbele yake naye ameishika. Hata aalikwe na nani.

#8 Mgonjwa wa Chennai

Naongezea ya India maana Watanzania tunakwenda sana huko kutibiwa, na wengi wanasindikizwa na wenza wao. Kule bado kuna insulini za aina mbili za nguvu. Ya kwetu ni U-100, uniti 100 kwenye kila mililita, kichupa cha mililita 10 kina uniti 1,000. Kule utauziwa pia U-40, kichupa kile kile kina uniti 400. Na mabomba yake ya sindano ni tofauti, la U-40 kifuniko chekundu, la U-100 cha chungwa.

Sasa chukua insulini ya U-40 uvute kwa bomba ulilotoka nalo Dar mpaka alama ya 20: umechoma uniti 8. Geuza upande wa pili, insulini yako ya U-100 kwa bomba la kule mpaka alama ya 20: umechoma uniti 50. Hiyo ya pili hutaamka kuisimulia. Mimi ndiye niliyekuwa nasindikizwa, mke wangu ndiye aliyeona rangi ya kifuniko imebadilika akauliza. Mfamasia mwenyewe hakusema kitu.

Bebeni za kutosha mara mbili ya siku za safari, mgawane nusu kwa nusu kwenye mikoba miwili ya mkononi. Ndege ikipoteza begi, au kibaka akipita na mkoba mmoja, kuna mwingine. Kwenye mzigo wa chini wa ndege msiweke hata kidogo, kunaweza kuganda.

#9 Mpagazi Marangu

Wapagazi nao wanasoma nyuzi. Nimepandisha Kilimanjaro mgeni mwenye hii kitu, yeye na mchumba wake. Usiku wa kwenda kileleni ni baridi ya kugandisha maji ya chupa. Dada alivaa insulini kwenye kifuko shingoni, ndani ya nguo zote, na kipima sukari kwenye soksi tumboni, maana mashine ikipoa inaandika kosa tu. Vidole vimekufa ganzi, damu haitoki. Mchumba ndiye alikuwa anamfikicha vidole, anamchoma, anasoma namba kwa tochi. Kila saa. Juu kule kuchoka, ugonjwa wa mwinuko na sukari kushuka vyote vinafanana, mtu anapepesuka na kichwa kinauma, kwa hiyo bila kipimo hujui umpe soda au umteremshe. Walifika 5,895 wote wawili. Kuteremka waligombana njia nzima kwa sababu jamaa aliendelea kumuuliza "umepima?" hata tulipofika getini.

#10 TichaMwenyewe

Habari zenu. Mhusika ndiye mimi. Nimeoneshwa uzi huu na mwalimu mwenzangu ofisini, aliusoma akasema "hii hadithi kama yako." Asante mume wangu kwa kunitangaza hadi ofisini.

Nisahihishe kwanza. Lile la dirisha sikuwa nimekasirika. Nilikuwa nimesinzia kabla hata ya Mlandizi. Na soda ndani ya buti, begi ulilipanga wewe.

Kuhusu kuficha. Nilichoma mbele za watu nikiwa darasa la sita, wakaniita mgonjwa wa ukimwi mpaka namaliza shule. Kwa hiyo mtu akisema "tangaza tu" namwelewa kama mtu ambaye hajawahi kuitwa jina. Mwaka jana tulivyokwenda ulimwambia kondakta, sawa. Ukamwambia jirani, sawa. Halafu Singida ukamwambia muuza mahindi "huyu ana sukari usimpe kubwa." Mahindi yangu mwenyewe! Nimeishi na kitu hiki miaka 18, nahesabu wanga wa sahani ya wali kwa kuitazama tu. Hilo la "umepima?" la bwana wa mlimani limenigusa sana. Ninapoulizwa kila kituo naanza kudanganya kwamba nimepima. Hiyo ndiyo hatari nesi anayopaswa kuiandika.

Ninachokubali: Gairo nisingejiokoa mwenyewe. Ikishuka vile sijui kwamba imeshuka. Hapo mtu wa pembeni ni lazima, na ni lazima ajue, na ni lazima asinune.

Kwa hiyo anayeambiwa nachagua mimi. Mama mkwe nilimwambia mwenyewe, siku ya nne ya ile safari, tukiwa wawili tunapara samaki, wewe uko kijiweni. Hakushtuka. Alisema ndugu yake alikufa na kiu ya ajabu akiwa kijana, akikojoa usiku kucha, na hakuna aliyejua ni nini. Tangu hapo sahani yangu inatoka kwanza, hata kabla ya baba mkwe, na mama anasimama mlangoni anasema "choma mwanangu, samaki huyu hapa." Hilo hukuliandika kwa sababu hukujua ilivyoanza.

#11 Nesi wa Zamu

Dada nimekusoma. La kudanganya kwamba umepima nitalisema Jumanne kliniki, kwa wenza wote, na wewe mbele kama hutajali. Sitataja jina.

#12 MumeWaTicha

Nimekaa kimya tangu saa nne asubuhi. La mama kweli nilikuwa silijui.

Ya mahindi naomba radhi hapa hapa jukwaani.

#13 Binti Likoni

Haya sasa, mwaambizanaje mkiwa ndani ya basi bila kumtangazia mtu? Bwanangu hunibana kidole gumba.

#14 TichaMwenyewe

Tunasema "kuchimba dawa." Nikisema nataka kuchimba dawa na gari linatembea, anajua nimeanza kutetemeka, anatoa soda bila kuuliza swali. Yeye akiniuliza "tuchimbe dawa?" nina haki ya kusema hapana mara moja tu. Akiuliza mara ya pili nampa kidole apime mwenyewe.

#15 Kondakta Mstaafu

Hiyo nimeipenda shemeji, na kondakta akisikia atasimamisha gari kwa bahati mbaya 😂. Mnaondoka lini?

#16 MumeWaTicha

Jumatano. Tunakata safari Dodoma safari hii: treni ya umeme hadi pale, tunalala, kesho yake basi la Mwanza. Mabasi yanapita darajani Kigongo–Busisi siku hizi, hakuna tena kusubiri kivuko na sahani ya mama inapoa. Soda nne, mbili kwake mbili mfukoni kwangu. Buti tumeweka viatu tu.

#17 TichaMwenyewe

Na kiti cha dirishani ni changu, njia nzima.